Kilomita kumi za mwisho: setilaiti, ndege au mashua?

Miaka michache iliyopita ofisi yetu ndogo ya upimaji hapa Kampala ilipata kazi ya kukagua mwinuko wa alama kadhaa kwenye visiwa vya Ssese. Tulihitaji thamani za graviti, yaani nguvu ya mvutano wa dunia mahali hapo, na gravimeta tuliyokodi, kifaa cha kuipimia, ilikuwa bado haijafika. Sikusubiri. Nikapakua gridi ya graviti ya baharini inayotengenezwa kwa altimetria ya setilaiti, yaani rada inayopima urefu wa uso wa maji kutoka angani, ile ya bure ambayo kila mtu anaisifu, nikasoma thamani za kisiwa cha Bugala, kisha nikazilinganisha na EGM2008, modeli ya graviti ya dunia nzima, kama uthibitisho. Zilifanana mno. Tukanunua soda. Kesho yake ndipo nikasoma maelezo yaliyoambatana na faili: gridi ile hupimwa baharini, na palipo nchi kavu hujazwa kwa EGM2008. Nilikuwa nimemlinganisha mtu na picha yake mwenyewe, nikafurahi kwamba wanafanana.

Tangu hapo kijana akiniuliza, "Mzee, nichukue data gani?" mimi humuuliza kwanza: uko umbali gani na ufuko? Katikati ya bahari kuu swali hilo halina uzito. Setilaiti imeshinda na hakuna mjadala. Ugomvi wote uko kwenye kilomita kumi za mwisho kabla ya maji kukutana na ardhi, na huko jibu hubadilika kila unapopiga hatua.

Mganda ana haja gani na bahari? Bomba la mafuta ghafi linatoka Kabaale, Hoima, hadi rasi ya Chongoleani karibu na Tanga, kilomita 1,443. Mwinuko wa Uganda kwa desturi unahesabiwa kutoka Khartoum, nao wa Khartoum ulifuata Nile kutoka Alexandria. Wa Tanzania ulianzia Tanga. Siku hizi hakuna anayebeba levo kwa miguu umbali wote huo. Tunapima kwa GPS, kisha tunaondoa jioidi, ule uso wa bahari tulivu unaodhaniwa kuendelea hadi chini ya vilima vyetu. Sasa jioidi ya Tanga haitoki kwenye graviti ya Tanga mjini peke yake. Inataka na ya majini, mbele ya mji kwa makumi ya kilomita. Na huku kwetu kuna Ziwa Victoria, kilomita za mraba 68,800 ambamo gravimeta ya kawaida haina pa kusimama.

Setilaiti huona mteremko

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba altimeta haipimi graviti hata kidogo. Inapiga rada chini, inahesabu muda wa mwangwi kurudi, inapata urefu wa uso wa maji. Basi. Graviti inatolewa baadaye kwa hesabu, kwa sababu maji hujikusanya kidogo palipo na mwamba mzito chini yake. Mlima wa chini ya bahari wenye urefu wa mita 2,000 huinua maji juu yake kama mita 2, mwinuko mpana ambao nahodha hawezi kuuhisi.

Uzuri wake ni kwamba graviti hutolewa kwenye mteremko wa uso wa maji. Mteremko wa sentimita 1 kwa kilomita 10 ni sawa na miligali 1 hivi, na miligali 1 ni kama sehemu moja ya milioni ya uzito wako. Kutoka katikati ya Kampala hadi gati la Ggaba ni kama kilomita kumi: tandaza kamba umbali huo, inua ncha moja kwa unene wa kidole kidogo. Hicho ndicho tunachodai kukiona kutoka angani.

Kwa kuwa tunatafuta mteremko, makosa mengi yanayomtesa mpimaji wa kiwango cha maji hayatusumbui sana sisi. Setilaiti ikikosea obiti yake kwa sentimita tano kwenye njia nzima, mteremko haubadiliki. Unyevu wa hewa nao hubadilika polepole. Kinachotuua ni kelele za karibu karibu, zile za kilomita chache, na kelele hizo ndizo zinazozidi mwangwi ukikaribia ufuko.

Historia yake nitaipitia haraka. Geosat ya jeshi la majini la Marekani ilipima kati ya 1985 na 1986, data ikafungiwa kabatini hadi 1995. ERS-1 ya Ulaya ikapiga njia zake za karibu karibu mwaka 1994 hadi 1995. Kwa hizo mbili David Sandwell na Walter Smith wakachapisha mwaka 1997 ramani ya graviti ya bahari zote iliyobadilisha kazi hii. Kisha CryoSat-2 mwaka 2010, Jason-1 iliyohamishiwa obiti mpya mwaka 2012 ikiwa tayari imezeeka, na AltiKa. Ramani ya Sandwell ya mwaka 2014 ilifikia usahihi wa miligali 2 hivi kwenye bahari kuu. Wadenmaki wa DTU, chuo kikuu chao cha ufundi, wana mfululizo wao, DTU10 hadi DTU21, na ukiuliza ipi nzuri kati ya hizo na za Sandwell nitakujibu: kwenye bahari kuu usipoteze siku, karibu na ufuko zijaribu zote mbili.

Mtego mmoja nauona kila mara. Gridi huja kwa nafasi ya dakika 1 ya nyuzi, karibu kilomita 1.85, na mtu anadhani anaona vitu vya kilomita mbili. La. Nafasi ya vitone si uwezo wa kuona. Gridi za kabla ya SWOT, setilaiti mpya nitakayoieleza mbele, zinaona vizuri mabadiliko ya graviti yenye urefu wa kilomita 12 hadi 16. Chini ya hapo unatazama hesabu ya kulainisha.

Mwangwi unapogusa ardhi

Chukua mwangwi mmoja mmoja utazame, usiishie kwenye ramani ya rangi. Juu ya bahari wazi umbo lake ni lile lile siku zote: kimya, kisha mpando wa ghafla, kisha mteremko mrefu wa taratibu. Katikati ya ule mpando ndipo urefu wa maji unaposomwa. Eneo linalorudisha mwangwi huo ni duara la kilomita 2 hadi 10, kutegemea ukubwa wa mawimbi.

Sasa sogea. Kwenye kilomita nane hivi kutoka ufukoni, kwenye ule mkia wa taratibu kunachomoza kijiti. Hiyo ni ghuba tulivu pembeni, maji yake kama kioo, inarudisha rada kwa nguvu kuliko bahari yote iliyoizunguka. Kwenye kilomita tano vijiti viko viwili na kimoja kimeanza kutambaa kuelekea kwenye mpando. Kwenye kilomita tatu mpando wenyewe hujui uko wapi. Programu ya kawaida bado inakupa jibu, kwa sababu programu haijui aibu.

Dawa ipo: kusoma mwangwi upya kwa kutumia sehemu ya mbele tu, ile ya mpando, na kuutupa mkia wenye vijiti. Njia ya ALES ya mwaka 2014 inafanya hivyo na inasogeza data nzuri hadi kama kilomita 3 kutoka ufukoni. Lakini gridi ya bure unayopakua haikutengenezwa kwa ajili ya kijiji chako. Ukitaka faida hiyo chukua data ya njia kwa njia, ile ya mara 20 kwa sekunde, uichakate mwenyewe. Ni kazi ya wiki, si ya jioni moja.

Kuna na tabia nyingine ya kizamani: setilaiti ikitoka baharini kwenda bara hupima vizuri hadi karibu kabisa, kwa kuwa bado imeshika uso wa maji. Ikitoka bara, juu ya milima, inachelewa kuyashika maji, na dirisha lake la kusikilizia ni mita 60 tu hivi. Kwa hiyo ufuko mmoja unaweza kuwa mzuri kwenye njia za kupanda, setilaiti ikielekea kaskazini, na mbovu kwenye njia za kushuka, ikielekea kusini.

Tatizo letu sisi wa Ikweta

Hili silioni likisemwa vya kutosha, na linatuhusu kuliko wengi. Setilaiti nyingi za altimetria huzunguka karibu kupitia ncha za dunia. Hapa Ikweta njia zake zinakwenda kaskazini hadi kusini, karibu wima kwenye ramani. Maana yake mteremko wa kaskazini-kusini unapimwa vizuri, na ule wa mashariki-magharibi unapimwa vibaya, kwa kuunganisha njia jirani.

Sasa tazama pwani ya Afrika Mashariki. Inakwenda upande gani? Kaskazini hadi kusini, imeinama kidogo tu. Graviti inabadilika kwa kasi ukitoka bara kwenda baharini, yaani mashariki-magharibi, upande ule ule ambao setilaiti ni dhaifu. Zaidi ya hapo, setilaiti za kizazi cha Sentinel-3 na CryoSat-2 hukata mwangwi vipande vya mita 300 kwa urefu wa njia, lakini kwa upana wa njia bado zinaona kilomita kadhaa. Njia ikikata ufuko kwa pembe, vipande hivyo vinakuokoa. Ikienda karibu sambamba na ufuko kama kwetu, ardhi imelala ubavuni muda wote. Mtu wa pwani ya Ghana, ambayo inalala mashariki-magharibi, ana bahati kuliko mtu wa Tanga.

Jason-1 ilisaidia kwa sababu obiti yake imeinama nyuzi 66. Aliyeleta mabadiliko ya kweli ni SWOT, iliyorushwa Desemba 2022. Hiyo haipimi mstari mmoja. Inapima mikanda miwili ya kilomita 50 kila mmoja, kushoto na kulia, kwa hiyo inaona mteremko wa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Matokeo yaliyochapishwa Desemba 2024 yalionyesha kwamba mwaka mmoja wa SWOT umeishinda miaka 30 ya setilaiti za zamani, na badiliko dogo kabisa linaloonekana limeshuka hadi urefu wa kilomita 8 hivi. Kama unaanza leo na unalazimika kutumia setilaiti, anzia kwenye gridi iliyoingizwa SWOT. Nyingine iwe ya kulinganishia.

Hata hivyo kuna fizikia ambayo SWOT haiwezi kuibadilisha. Bahari ya kina cha kilomita 4 huficha vitu vidogo vilivyo sakafuni: badiliko la graviti lenye urefu wa kilomita 2 likipanda hadi juu limekwisha kufa kabisa. Huko setilaiti isipoviona haikosi kitu. Lakini kwenye maji ya mita 40, badiliko lile lile linafika juu likiwa na karibu asilimia 88 ya nguvu yake. Karibu na ufuko, basi, kuna mambo mengi zaidi ya kuona na jicho la setilaiti limepungua. Mkondo wa Unguja haufiki hata mita 100. Mkondo wa Pemba, kaskazini kidogo tu, unashuka hadi mita 800 hivi. Gridi ile ile haitendi sawa kwenye mikondo hiyo miwili.

Na usisahau maji yenyewe. Pwani hiyo ina bamvua ya zaidi ya mita 3. Fungu la mchanga na mwamba wa matumbawe vinakauka maji yakipwa, vinazama yakijaa, kwa hiyo mahali pale pale setilaiti leo inakuta bahari na baada ya wiki chache inakuta nchi kavu. Ndani ya mikondo na vijito vya mikoko maji hayajai kwa wakati mmoja, na kosa la sentimita 1 ndani ya kilomita 10 umeshajua ni miligali ngapi.

Mashua na meli

Gravimeta iliyowekwa kwenye meli hupima graviti yenyewe. Ikifanywa vizuri inatoa usahihi wa miligali 1 au chini yake, na inaona vitu vya kilomita moja au mbili ambavyo hakuna setilaiti inayoviota. Kwenye maji ya kina kifupi haina mpinzani.

Lakini gravimeta iliyo juu ya kitu kinachotembea inadanganywa na mwendo. Ukienda mashariki unazunguka na dunia kwa kasi zaidi, unakuwa mwepesi. Ukienda magharibi unakuwa mzito. Hii ndiyo athari ya Eötvös, na nguvu yake ni kubwa kuliko kote hapa Ikweta: kila kilomita 1 kwa saa ya kuelekea mashariki ni miligali 4. Mashua ya kilomita 10 kwa saa inabeba kosa la miligali 40 ambalo lazima ulitoe kwa hesabu, na ukikosea mwendo wako kwa kilomita 0.2 kwa saa umeshapoteza miligali 0.8. Lile bakuli la maji wanalowaonyesha watalii pale Kayabwe, eti maji yanazunguka kushoto upande huu na kulia upande ule, ni mchezo tu. Eötvös si mchezo. Ushauri wangu: panga mistari mingi ielekee kaskazini na kusini, na hata hapo nahodha akipinda nyuzi 1 kwa kasi ya kilomita 18 kwa saa, ni miligali 1.3 hiyo.

Kwa GPS ya kisasa mambo haya yanasahihishwa vizuri. Data ya zamani ndiyo yenye shida. Meli za miaka ya 1960 na 1970 zilijua mahali zilipo kwa kubahatisha kidogo, na mistari yake inapokatana utakuta tofauti ya miligali kadhaa hadi zaidi ya kumi. Ukichukua data ya meli kwenye hazina za kimataifa, kabla ya yote angalia makutano. Mstari unaogombana na kila mwenzake, utupe bila huruma. Na meli nyingi zilikuwa zikielekea bandarini; zimeacha mistari minene mbele ya Mombasa na Dar es Salaam, na nafasi tupu katikati.

Nikuonyeshe gravimeta ilivyo ya kudeka hata ikiwa imesimama. Niliwahi kuiweka ya nchi kavu kwenye gati la Bukakata, alfajiri, upepo haujaamka. Namba kwenye kioo zilikuwa zimetulia hadi desimali ya tatu. Feri ikaingia. Kabla hata haijagusa gati, namba zikaanza kucheza, na ziliendelea kucheza dakika kumi baada ya lori la mwisho kushuka, kwa sababu gati lenyewe lilikuwa linapumua. Nikarudi nyuma mita sitini, kwenye mwamba ulio wazi kando ya barabara, nikapata usomaji ndani ya dakika mbili. Mpima ardhi mwenzangu aliyekuwa ameshika daftari akasema, "Mzee, jiwe halina mambo mengi."

Ndege

Ndege ina sifa moja isiyopatikana kwingine: haijui ufuko. Inapita kutoka vilimani hadi majini bila kubadilisha kifaa wala usahihi, miligali 1 hadi 2. Kwa anayetengeneza jioidi ya nchi nzima hii ndiyo gundi inayounganisha vipimo vya bara na vya setilaiti.

Hasara zake ni bei, ambayo ni ya wizara na si ya ofisi kama yetu, na ulaini. Kwa kasi ya mita 70 kwa sekunde na kichujio cha sekunde 100, kila thamani unayopewa ni wastani wa kilomita 7. Urefu nao unakata: kwenye kilomita 1 juu, badiliko la kilomita 2 linabaki na asilimia 4 ya nguvu yake. Eötvös ya ndege inayoelekea mashariki kwa kilomita 300 kwa saa hapa Ikweta inakaribia miligali 1,300. Hiyo inasahihishwa, ila ujue kwamba unatafuta sindano ya miligali 1 ndani ya nyasi za 1,300.

GOCE na GRACE zitajwe tu ili mtu asichanganyikiwe. Hizo ni setilaiti zinazohisi graviti zenyewe, si za rada ya maji. Zinashika sura pana, GOCE kilomita 80 hadi 100, GRACE kilomita 300 hivi. Ufuko hauzisumbui, lakini kwa kilomita kumi za mwisho hazina neno. Unazitumia kama msingi wa chini kabisa wa nyumba.

Maziwa yetu

Kwa kiwango cha maji, altimetria imeshinda vizuri ziwani. Victoria limekuwa likifuatiliwa hivyo tangu TOPEX/Poseidon ya mwaka 1992, na anayetaka kujua ziwa limepanda au limeshuka hana haja ya kusubiri taarifa. Kwa graviti ni jambo lingine. Kinadharia ukichukua uso wa ziwa kwa miaka mingi, ukatoa kupanda na kushuka kwake, unabakiwa na umbo la jioidi. Kwa Victoria inawezekana katikati, mbali na visiwa. Tahadhari: ziwa hili lina radi na mvua nzito za usiku, na rada ya AltiKa, inayotumia mawimbi mafupi, huumizwa na mvua.

Ziwa Albert lina upana wa wastani wa kilomita 30 hivi. Hesabu mwenyewe: sehemu nyingi haziko mbali zaidi ya kilomita 15 au 16 kutoka ardhini. Ziwa zima ni pwani. Ukingo wa bonde la ufa unapanda mamia ya mita kando ya maji, na SWOT inayotazama kwa ubavu inaweza kupokea mwangwi wa mlima ukaangukia juu ya maji kwenye picha. Na Albert ndipo graviti inapotakiwa zaidi, kwa kuwa chini yake kuna kilomita kadhaa za mashapo mepesi, yale yale yenye mafuta. Hapo usinitajie gridi ya bure. Ndege au mashua. Kyoga ni mafunjo na maji ya kina kifupi. Hata mashua itakwama, zunguka kando kwa gravimeta ya kawaida.

Makosa mawili ya ziwani nimeyaona mara nyingi. Moja ni kuandika mwinuko wa kituo kwa kuupima kutoka kwenye maji, kisha kutumia kiwango cha ziwa kilichoandikwa kwenye ramani ya zamani. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 1964. Mwaka 2006 maji yalikuwa zaidi ya mita 2 chini ya hapo. Kila mita ya mwinuko ni miligali 0.31. La pili ni kusahau kwamba ziwa ni maji. Safu ya maji ya mita 40, ambayo ndiyo wastani wa kina cha Victoria, ukiihesabu kama mwamba umekosea karibu miligali 2.8.

Ningechagua nini

Kwa Tanga na Chongoleani, zaidi ya kilomita 20 baharini ningechukua gridi yenye SWOT nikalala usingizi. Kati ya 20 na 5 ningechukua gridi hiyo hiyo pamoja na mistari yoyote mizuri ya meli, na mahali zinapotofautiana ningeiamini meli, mradi iwe ya enzi ya GPS. Ndani ya 5, setilaiti ningeiacha kabisa kama nina hela ya mashua, na kama sina ningeacha pawe patupu, hesabu ya jioidi ipaunganishe kutoka ardhini na kutoka baharini. Patupu pa kweli ni bora kuliko namba ya uongo, kwa sababu namba ya uongo itavuta na zile nzuri zilizo jirani yake.

Mwanafunzi wa Makerere au Busitema asiye na shilingi anaweza kufanya kazi nzuri kwa data ya bure peke yake, ila afanye hivi: achukue mistari ya meli, aifiche pembeni, aitengeneze ramani yake bila hiyo, kisha aifichue na kuchora tofauti dhidi ya umbali kutoka ufukoni. Mchoro huo mmoja utamwambia mahali pa kukata kuliko makala yoyote, na hii yangu imo.

Kwa Victoria nina njia ya kimaskini ninayoipenda kuliko zote. Ssese ni visiwa 84. Kuna Buvuma, kuna vingine vidogo visivyo hata na duka. Kila kisiwa ni kituo cha gravimeta ya nchi kavu katikati ya maji, chenye usahihi ambao meli haiupati. Mwezi huu kijana wetu mmoja amenipigia simu kutoka Masese, Jinja, akiuliza kama mtumbwi wa wavuvi wa mukene unaweza kubeba gravimeta. Nikamwambia unabeba, aipakate mapajani juu ya godoro, asiiweke chini kwenye mbao, na asisome chochote majini. Akifika ashuke, atafute jiwe, si mafunjo wala mchanga, apige GPS yake kwa saa mbili, asome mara tatu, arudi Masese jioni asome tena alipoanzia asubuhi ili ajue kifaa kimetangatanga kiasi gani. Amenitumia namba za visiwa vinne. Cha tatu kinatofautiana na EGM2008 kwa miligali 11, na nimemwambia arudi akisome upya kabla hatujafurahi.